Mlangilangi wa Mama Mdogo

Mama mdogo aliingia nyumbani kwetu Temeke na sanduku la bati, mkeka uliokunjwa, na kopo la maziwa lililojaa udongo mweusi. Mie nilikuwa mtoto wa miaka mitano hivi. Mama yangu mzazi alishafariki, na sura yake sikuikumbuka. Baba alikuwa mtu wa Kusini, aliyekuja Dar es Salaam kutafuta maisha akapata kazi ya utarishi katika ofisi moja ya serikali. Alikaa bila mke kwa muda, mimi nikilelewa na majirani kwa zamu, mpaka mwaka uliofuata Uhuru akaoa tena. Mke alimtoa Rufiji, chini kabisa bondeni, huko ambako mto ukijaa maji hufika mlangoni.

Ndani ya lile kopo mlikuwa na mche wa majani mawili. Majirani walimpokea kwa vigelegele, wakamwonyesha chumba, jiko la uani, kisima cha jirani. Yeye aliweka kopo kivulini, akajifuta jasho, akamuuliza baba swali la kwanza nililomsikia akiuliza maishani mwangu.

"Jua hapa linatokea upande gani?"

Baba akamwonyesha. Kesho yake asubuhi akaanza kuchimba.

Udongo wa Temeke ni mchanga. Ukimwaga maji yanapita kama kwenye chujio. Alichimba shimo lililonifika kifuani, mbali na ukuta wa nyumba, kwenye uwanja wa mbele. Chini akapanga makumbi ya nazi ili yashike maji, juu yake akatia samadi ya mbuzi aliyoiomba kwa jirani, majani yaliyooza, majivu ya jikoni. Baba alirudi kutoka kazini akamkuta amechutama mle ndani, kichwa tu ndicho kinachoonekana.

"Shimo lote hilo la mche wa kidole?" akamwambia. "Mie nilidhani unazika ng'ombe."

"Leo ni wa kidole," mama mdogo akajibu. "Ukiupa shimo la kidole, utabaki wa kidole."

Ulikuwa mlangilangi, mti wa maua ya kunukia. Mama yake, bibi yangu wa kambo, alikuwa na mmoja mkubwa mbele ya mlango wake kule bondeni, na mche huu aliuotesha kwa mbegu za mti ule siku posa ilipokubaliwa. Alimpa binti yake badala ya maneno, maana alikuwa mtu asiyependa kusema sana. Hayo nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba mche ule ulikuwa na maji yake maalumu, maji ya kuoshea mchele, na ole wake mtoto atakayeyamwaga kwingine.

Baba alikuwa mtu wa mzaha, lakini alikuwa na macho. Aliona jinsi mkewe alivyokuwa akiamka na kwenda kutazama mche kabla hajanawa uso. Siku moja tukamwona anatoka upande wa Keko kwa miguu, bega moja limebeba kitu kama mgomba. Kondakta wa basi alikataa kumpakia nacho, kwa hiyo alikuwa amekibeba kutoka mjini. Kwenye uwanja wa ofisi yao kulikuwa na mti uliopandwa na Wazungu, majani yake yamepangika kama kipepeo cha kupepea moto, na mtunza bustani alikuwa anang'oa machipukizi yake ayatupe.

"Wanauita mti wa msafiri," baba akasema, akilitua chipukizi chini. "Nimesafiri nao, basi jina umelipata."

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akashika lile chipukizi, akaligeuza huku na huku kabla ya kulifukia. Akatueleza kwamba mti wa namna hii hufungua majani pande mbili tu. Ukiukosea, utakuja kugonga mapaa ya nyumba na hutaweza tena kuugeuza. Akaupanda upande wa pili wa uwanja, kipepeo chake kikitazama njia.

Mkadi, ule mti wa miiba wenye ua la kunukia, ulikuja alipokwenda kwao kusalimia. Alirudi na vipande vyake amevifunga ndani ya jamvi kwa sababu ya miiba, mikono yote imechanika. Huo akaupanda pembeni penye ua wa makuti, tusipochezea. Na pale maji ya bafuni yalipotokea akapanda masikio ya tembo, ambayo yalikunywa povu la sabuni yakawa na majani ya kumfunika mtoto.

Watu wa mtaa wetu walikuwa wengi wanatoka Kusini na Pwani, wafanyakazi wa bandarini, wachonga vinyago, wauza samaki, na kila mwenye kiwanja alipanda kitu cha kula: mpapai, mnazi, mwembe. Walipopita walisimama kutazama. Wengine walimwonea huruma baba kwamba ameoa mke asiyejua shamba ni nini. Mama mdogo aliwasikia na aliwasalimia.

Mlangilangi ulipozidi kimo cha baba, mama mdogo alipanda juu ya kinu akaukata kilele. Baba aliumia kuliko mti. "Umeupanda mwenyewe, unaukata mwenyewe?" Akamwambia kwamba ukiuachia utapaa kama mnazi, na maua yake watayapata ndege. Ukikatwa kilele hutanua matawi, ukayainamisha, na mtu akachuma akiwa amesimama chini. Ikawa hivyo. Matawi yalitanda, yakalegea kama mikono, na mwaka mmoja, mimi nikiwa nasoma darasa la nne, maua ya kwanza yakatoka. Yalikuwa ya kijani, huwezi kuyaona kwenye majani. Siku zilivyopita yakawa manjano, na jioni jua linapopoa harufu ikatoka, ikaingia mpaka chumbani.

Tangu hapo nyumba yetu ikajulikana kwa harufu. Mwenye harusi alikuja kuchuma, mwenye mgeni wa heshima alikuja kuchuma. Mama mdogo alikaa na wanawake wenzake barazani, wakichambua langilangi na vipande vya mkadi, wakivifunga kwa uzi kuwa vikuba, vishada vya kuvaa. Mie sikukuu alinifungia kikuba changu, nikatoka nikinukia kama bibi harusi. Na kila jioni alitia maua machache chini ya mto wa baba. Baba hakulisema hilo mbele za watu, lakini kulipokuwa na ukame na maua hayapo, alikuwa analala akigeukageuka.

Mama mdogo hakujaliwa mtoto. Mimba zake ziliharibika, nami nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona wanawake wanavyoingia na kutoka na mabeseni. Mara ya mwisho alilala ndani siku nyingi. Alipotoka, aliniita nimsaidie kufunga fimbo kwenye majani ya mti wa msafiri yaliyopasuliwa na upepo. Tukiwa pale akaniambia, "Mungu amenipa wewe. Nisimchoshe kwa maombi." Baada ya hapo sikumsikia tena akizungumzia mtoto.

Kisha zikaja habari za bondeni. Watu wa kule walitakiwa wahame, wapande juu kwenye vijiji vipya, mbali na mafuriko, wapate shule na zahanati. Mama mdogo akaenda kumtazama mama yake. Aliporudi alikaa barazani bila kuvua baibui.

"Vipi wamefika salama?" baba akamuuliza.

"Wamefika. Wamepewa viwanja vimenyooka, kila nyumba inatazama nyumba. Hakuna mti hata wa kufungia mbuzi."

"Miti itaota."

"Mama ni mzee, bwana. Hataingoja. Kila jioni anatoa kigoda nje, anakigeuza upande wa bonde."

Baba aliamini katika mambo ya wakati ule. Sisemi kwa kumkejeli. Aliamini kwa moyo mmoja. Alizaliwa mahali ambapo mtoto alitembea tangu alfajiri kufuata shule, na alipoona shule zinajengwa, alisema ni sawa watu wakae pamoja. Baada ya muda wakazi wa nyumba zetu kumi walimchagua kuwa balozi wao. Mikutano ikawa inafanyika mbele ya nyumba yetu, watu wamekaa kwenye mikeka, mlangilangi unanukia juu ya vichwa vyao, na baba amesimama na kofia yake ya kiua mkononi, anaeleza.

Halafu ikaja njaa. Mvua hazikunyesha kwa misimu, na zilipokuja kwingine zilikuja kwa mafuriko. Madukani unga ulikuwa haupatikani. Tukapanga foleni kwa unga wa njano uliotoka ng'ambo, ugali wake una harufu ya gunia. Amri ikatoka kwamba kila penye nafasi palimwe: viwanja vya shule, kando ya reli, mbele ya nyumba. Mabalozi wakaambiwa wao ndio wa kuonyesha mfano.

Wakati huo huo mama mdogo akaletewa habari kwamba mama yake hajiwezi. Akaondoka asubuhi na kanga mbili ndani ya kikapu. Haukupita muda mrefu tukasikia kwamba bibi amefariki. Baba alipeleka ubani kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko, mwenyewe hakupata ruhusa kazini. Mama mdogo akabaki kule mpaka arobaini ipite.

Ndani ya siku hizo kukawa na mkutano. Nilikuwa nimeshamaliza shule, nikijifunza ushonaji kwa mama mmoja jirani, na siku ile nilikuwa dirishani natengeneza pindo la gauni. Baba alieleza habari ya mihogo: kila nyumba ing'oe majani yasiyoliwa, ipande. Mzee mmoja, fundi baiskeli aliyekuwa na watoto wengi, akanyoosha mkono.

"Balozi, tumekusikia," akasema. "Ila nauliza tu. Sie tulime mihogo, na wewe uendelee kulima manukato?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, wengi wao walishachuma kwenye mti ule. Baba naye akacheka. Lakini nilimwona anavyoikunja ile kofia, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama leso.

Jioni yake alikaa uani akanywa chai ya rangi isiyo na sukari. Nikamwona anatazama mlangilangi kupitia ukumbini.

"Baba," nikamwambia, "usifanye kitu mpaka mama arudi."

"Kuna watoto mtaa huu wanalala na maji ya moto tumboni."

"Najua. Mngoje arudi, umwambie mwenyewe. Atakuelewa."

Akaitua bilauri. "Nikimngoja arudi," akasema, "sitaweza."

Jumapili watu wakaja na majembe na mapanga. Alianza na mti wa msafiri, ule aliobeba yeye begani. Kila bua lilipokatwa, maji yaliyokuwa yamehifadhiwa ndani yakamwagika, yakamlowesha mpaka magotini. Wakaja kwenye mkadi, wakakata mizizi yake inayosimama juu ya ardhi kama miguu ya jukwaa. Masikio ya tembo yaling'olewa kwa mikono. Mlangilangi wakaufanya wa mwisho. Mtu mmoja alishika shoka, baba akalichukua kwake, akakata mwenyewe. Ulikuwa na maua tele. Ulipoanguka, wanawake wakasogea polepole, wakaanza kuchuma kwenye matawi yaliyolala, wakajaza pindo za kanga. Wakachimba na kisiki, kwa sababu muhogo hautaki mzizi wa mti mwingine jirani. Kabla ya jua kuzama vipande vya mihogo vilikuwa vimeshachomekwa mistari mistari, na mtaa mzima, kila nyumba, ilikuwa inanukia langilangi. Harufu ile ilikaa siku kadhaa. Watu waliyaweka maua vitandani.

Nilikuwa nimechomoa chipukizi moja la mkadi, nikalifunga kwenye gunia bichi nikalificha nyuma ya choo. Lilikauka kabla mama mdogo hajarudi.

Alirudi adhuhuri, baba yuko kazini. Nilimwona kwa mbali anakuja na kikapu kichwani, amekonda, kanga ya msibani imefungwa kichwani. Majirani waliokuwa barazani mwao wakaingia ndani, mmoja baada ya mwingine. Alipofika mbele ya nyumba alisimama. Nadhani kwanza alifikiri amekosea njia. Kisha akaja moja kwa moja.

"Shikamoo mama," nikasema. "Pole kwa msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Nipe maji."

Nikampa. Alikunywa nusu, akaenda na ile nusu nyingine mpaka pale shimo lilipokuwa limefukiwa, akakaa kitako kwenye mchanga katikati ya mihogo ambayo ilikuwa ndio kwanza inatoa vijani. Hakulia. Alikuwa anachota udongo kwenye kiganja, anautazama, anaurudisha. Udongo ule ulikuwa mweusi, si wa Temeke.

Baba alimkuta bado yuko pale. Akavua viatu, kama mtu anayeingia msikitini, akamsogelea.

"Pole na msiba, mke wangu."

"Nimeshapoa."

Akaanza kumweleza. Alimweleza njaa, amri, mkutano, fundi baiskeli, watoto wa mtaa. Alieleza vizuri kama alivyozoea kueleza. Mama mdogo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, bwana," akasema. "Hujasema uwongo hata mmoja." Akainuka, akajipangusa. "Wali nipike au mnakula huo ugali wa njano?"

Aliishi nasi wiki kadhaa baada ya hapo. Alipika, alifua, aliongea na majirani walipopata ujasiri wa kuja. Lakini alipotaka kutoka alipitia mlango wa uani, akazunguka. Uwanja wa mbele hakuupita tena. Jioni moja akamwambia baba ampe talaka yake.

"Kwa kosa gani?" baba akauliza.

"Sina kosa nalokushitakia. Naomba tu."

"Talaka sikupi. Sina mke mwingine, wala simtaki."

"Basi nipe ruhusa nikakae kwa kaka yangu."

Mwishowe baba akasema, "Ruhusa unayo." Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

Kaka yake alikuwa na shamba Mbagala. Siku zile Mbagala ilikuwa mikorosho na minazi, nyumba moja hapa nyingine kule. Nilimsindikiza. Njiani nililia, naye akanishika mkono kama vile bado niko wa miaka mitano. "Sikukuacha wewe," akaniambia. "Mbagala si Makka. Njoo utakapo."

Nikawa nakwenda. Alilima na kaka yake, akapalilia mikorosho, akauza maandazi asubuhi kwa wanaopita Kilwa Road. Hakupanda ua hata moja. Sikumuuliza.

Mihogo yetu ilizaa kuliko ya mtaa wote. Baba aling'oa shina moja akabaki ameduwaa. Mihogo minene kama paja, haina nyuzi. Kila nyumba ilipata. Watoto wa fundi baiskeli walikula, nami nilikula, na sitasema kwamba haikuwa mitamu, maana tulikuwa na njaa kweli. Baba akajaza kikapu akanituma Mbagala. Mama mdogo aliichemsha kwa tui, tukakaa kwenye mkeka kula. Alitafuna kidogo kidogo.

"Mizuri," akasema. "Ardhi ile nimeilisha miaka mingi."

Mwaka mwingine baba akaanza kutafuta. Hakuniambia anatafuta nini. Siku za mapumziko alitoka na kurudi na vumbi miguuni. Alikwenda Magomeni, akaenda Kinondoni nyumba kwa nyumba akiuliza kama kuna mwenye mlangilangi. Mwisho akampata bibi mmoja wa Kinondoni, mwenyeji wa mji huu tangu mababu, aliyekuwa nao uani. Bibi akamwoteshea mche kwenye debe, akamwambia arudi ukishika. Ulipofika kimo cha goti, baba alivaa kanzu safi, akalibeba lile debe, tukaenda wote wawili Mbagala.

Mama mdogo alimpokea kwa adabu zote. Akamtandikia mkeka, akamletea maji ya kunawa. Baba akausogeza mche mbele yake.

"Umeupata wapi?"

"Kinondoni, kwa bibi mmoja."

Akakata kipande cha jani, akakifikicha, akakinusa. "Ni wenyewe," akasema. "Ahsante. Uweke pale kivulini."

Baba akauweka. Akaangaza macho kwenye uwanja, akaona jembe limeegemezwa ukutani. "Nikuchimbie shimo? La kufika kifuani."

"Pumzika tu, bwana. Umetoka mbali."

Tulikula, tukaongea habari za watu na za mvua. Wakati wa kuaga baba alisimama mlangoni kama aliyesahau kitu, kisha akatoka. Tulipofika Temeke aliniambia, "Ameupokea," na nikaitikia kwamba kweli, ameupokea.

Lakini hakuupanda. Kila nilipokwenda niliukuta palepale kwenye debe. Aliumwagilia kila siku, maji ya mchele, hakukosa. Majani yake yalikuwa ya kijani lakini haukurefuka, kwa sababu mti ule unataka kwenda chini, na debe lina mwisho. Nikajitia ujasiri siku moja nikamwambia nimchimbie mie. Alitikisa kichwa. "Mikono yangu inakataa," akasema. "Si kwamba sitaki."

Baba alijiuzulu ubalozi, akisema umri. Haukuwa umri. Kisha akaanza kusumbuliwa na presha, akavimba miguu, na baada ya kulazwa kwa muda mfupi akafariki asubuhi moja, mimi nimekwenda kumletea uji. Nilikuwa nimeolewa wakati huo, nina mtoto mchanga.

Habari zilifika Mbagala kabla ya adhuhuri. Watu bado wanajazana, wanawake wanabishana nani akae wapi, mama mdogo akaingia. Alipita uwanja wa mbele. Tangu aliporudi kutoka msibani kwa mama yake, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona anaukanyaga. Akaenda moja kwa moja chumbani kwa baba, akakaa chini mahali pa mke.

Ndugu mmoja wa baba aliyetoka Kusini hakupendezwa. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu si aliondoka?"

Shehe akaniuliza mimi, "Marehemu alimpa talaka?"

"Hakumpa," nikajibu. "Aliiomba, akamnyima."

"Basi ni mke," shehe akasema, "na atakaa eda."

Akakaa eda nzima katika nyumba ile, amevaa nguo nyeupe, bila wanja, bila mafuta yenye harufu, kama inavyotakiwa. Nilihamia pale na mwanangu ili nimtunze. Ndipo tulipozungumza kuliko tulivyowahi kuzungumza. Dirisha la chumba lilitazama uwanja, ambao sasa haukuwa na mihogo wala chochote, mchanga tu na mabua. Alikuwa anamshika mtoto wangu mapajani na kunisimulia bondeni kwao, mpunga, viboko, mama yake.

"Baada ya arobaini ile niliteremka kuangalia nyumba yetu ya zamani," akaniambia mchana mmoja. "Mafuriko yalishapita. Nyumba haikuwapo. Mlangilangi wa mama uliondoka na maji, mzizi na shina, limebaki shimo limejaa tope. Nikakaa pale nikalia mpaka nikachoka. Halafu nikajiambia, unalia nini mwanamke wewe? Mtoto wake yuko Temeke, ana maua. Nikainuka, nikashika njia. Nilitembea nimefurahi, mwanangu. Nimetoka kuzika na nimefurahi."

Nilimchukua mtoto, nikamweka begani.

"Baba alijua?" nikamuuliza baadaye.

"Nimwambie ili iweje? Angebeba na hilo."

Eda ilipokwisha alioga, akavaa kanga mpya niliyomnunulia, nikamrudisha Mbagala. Kaka yake alikuwa mzee, na kazi za shamba zilikuwa zimemlemea, na hakuna aliyemwagiza aumwagilie mche. Tuliukuta mlangilangi umekauka kwenye debe. Majani yalikuwa yameanguka yote, kijiti kimesimama.

Mama mdogo aliutazama. "Umekufa," akasema, sauti ileile anayotumia kusema nazi zimekwisha. Akaushika akauchomoa, udongo wote ukatoka pamoja nao, umeshikwa na mizizi iliyojizungusha mara nyingi kufuata ukuta wa debe. Akaugongagonga, udongo akaumwaga kwenye shina la mpapai, debe akalisuuza, akalianika juani.

Tulikaa kwenye kizingiti. Nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa limenikaa rohoni miaka yote: kama alimsamehe baba.

"Siku ileile," akasema. "Kabla hajavua viatu. Nilimwona anavyokuja, nikamsamehe." Akanyoosha miguu. "Kumsamehe hakukunishinda. Kilichonishinda ni kuamka asubuhi, nikatoka nje sijanawa uso, na kitu cha kwenda kutazama hakipo."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, Mbagala ikijaa watu mpaka shamba la kaka yake likawa viwanja. Aliwajua watoto wangu wote, akawafundisha kusuka ukili. Alifariki kwa homa, msimu wa masika, akazikwa hukohuko, mvua inanyesha. Kaburi lilichimbwa haraka kwa sababu ya maji, na watu wakarudi mbio kujikinga.

Mimi nilibaki kidogo na mwanangu mkubwa, ambaye alinishikilia mwavuli na kuniomba twende. Nilichota udongo kwenye kiganja, kama alivyofanya yeye, nikautazama, nikaurudisha, ndipo nikamfuata.